Nani Amuuze Tembo wa Kasungu?

Hoja yenyewe ni fupi. Malawi ina tembo wanaoua watu kando ya Hifadhi ya Taifa ya Kasungu, na duniani wapo matajiri walio tayari kulipa maelfu ya dola ili wampige tembo mmoja na kuondoka na pembe zake. Kwa nini wasikutanishwe?

Aliyeitoa ni Mtanzania aliyesoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambaye sasa kazi yake iko Lilongwe. Aliitolea Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka jijini. Enzi za Kamuzu Banda Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wake. Tangu 1994 ni kambi, na watu zaidi ya 50,000 wanaishi mahali palipopangiwa kama elfu kumi. Kiswahili ndiyo lugha ya soko lake.

Tulikuwa tumemsindikiza Kijana, aliyekulia hapo, akahamishiwa Marekani, na sasa amerudi kutoka Anchorage, Alaska, kuwaona wazazi. Baba yake, Mzee, ni Mkongo wa Rutshuru. Aliyetuendesha ni Mmalawi mzaliwa wa Kasungu aliyejifunza Kiswahili kwa kuendesha malori kati ya Songwe na Dar es Salaam. Mama, Mrundi wa Rumonge, alikuwa jirani anayekaanga mandazi upande wa pili wa uzio wa nyasi. Hakuna aliyemkaribisha kwenye mjadala; aliingia mwenyewe. Majina nimeyaacha, na maneno nimeyapanga ili yasomeke.

MTANZANIA: Mzee, kwa heshima yako, mimi nasema jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Mnyama asiyelipa hatadumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka huo wanyamapori wa Kenya walikuwa wamepungua kwa asilimia 68. Hawakuuawa na wazungu wenye bunduki. Waliuawa na mifugo, mashamba, nyaya za mitego na nyumba zinazojengwa kila kukicha. Mwenye shamba akimtazama pundamila haoni shilingi, anaona hasara. Sasa mpe sababu ya kumtaka.

DEREVA: Sababu ya kumtaka? Kaka, sisi Kasungu tulikuwa tunawataka tembo. Baba yangu aliwaona wengi. Miaka ya sabini walikuwa kama 1,200 hifadhini. Majangili wakawamaliza hadi kufikia 2015 wakabaki kama hamsini. Kisha Julai 2022 wakaletwa 263 kutoka hifadhi ya Liwonde. Mimi niliona malori. Tembo wamechomwa sindano ya usingizi, wanainuliwa kwa miguu na kreni, wanashushwa kwenye makontena, safari ya kilomita zaidi ya mia tatu. Kazi ya ajabu. Lakini uzio haukuwa umefungwa pande zote, na upande wa Zambia hapakuwa na uzio kabisa. Mwezi huohuo watu wawili walikuwa wamekufa.

Hapa niongeze kidogo, maana Dereva aliharakisha. Uhamisho ule ulifanywa na Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya Malawi pamoja na mashirika mawili ya uhifadhi, African Parks na IFAW. Liwonde ilikuwa imejaa na Kasungu ilikuwa tupu, kwa hiyo kwa hesabu ya wanyama mpango ulikuwa na mantiki. Hesabu ya watu ndiyo iliyokwenda kombo. Vifo viliendelea pande zote mbili za mpaka, mahindi yakaliwa, maghala yakabomolewa, na wanavijiji kumi wa Malawi na Zambia wakaishia kwa mawakili wa London wakitaka IFAW iwajibike. IFAW ilisikitikia vifo na kusema kwamba mwongozaji wa kazi ile alikuwa serikali. Kwa mwanakijiji tofauti hiyo ni ndogo. Hakuulizwa na yeyote kati yao.

MZEE: Tembo 263. Kila mmoja na usafiri, na daktari wake, na karatasi zake. Mimi nikitaka kwenda Lilongwe kumwona daktari naomba kibali. Mwaka 2023 jirani zangu waliokuwa na maduka mjini walirudishwa humu kwa amri, wengine kwa polisi. Simlaumu tembo. Nasema tu.

Hakuna aliyemjibu. Mtanzania alikunywa chai.

MTANZANIA: Turudi kwenye fedha. Ng'ambo ya pili tu, Zambia, kuna maeneo ya uwindaji. Kisheria nusu ya ada ya mnyama anayepigwa inapaswa kurudi kwa jamii inayoishi humo. Mwaka 2014, Dallas, kibali kimoja cha kumpiga faru mweusi wa Namibia kiliuzwa kwa mnada dola 350,000. Kibali kimoja! Faru mwenyewe dume mzee asiyezaa tena, anayewazuia wadogo. Tembo wawili watatu kwa mwaka pale Kasungu, wale wale wanaobomoa maghala, wangejenga uzio mzima.

DEREVA: Zambia nimeegesha lori sana. Mle vijijini wanakuambia fedha ipo, lakini bado iko Lusaka.

MTANZANIA: Hilo ni tatizo la ofisi, si la uwindaji.

DEREVA: Kaka, kwetu kila kitu ni tatizo la ofisi.

Mzee alikuwa akisubiri wamalize. Kwao wanapakana na Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, mfalme wa Wabelgiji, na ambayo ni kongwe kuliko zote Afrika. Ramani za Rutshuru bado zina eneo linaloitwa Domaine de chasse, eneo la kuwindia, ingawa kwa miaka thelathini bunduki zinazosikika huko haziwindi wanyama. Mzee haongei kwa takwimu. Anasimulia.

MZEE: Nikwambie habari ya mlima Mikeno. Mwaka 1921 alikuja Mmarekani, Carl Akeley, ametumwa na makumbusho ya New York. Akapanda, akawapiga sokwe, akawachuna, akawapeleka Amerika wakajazwa, na bado wamesimama kule ndani ya kioo. Mwaka huohuo mtoto wa mfalme wa Sweden naye alikuja akapiga kumi na wanne. Basi Akeley moyo ukamgeuka. Akamwendea Mfalme Albert, akamwambia mahali hapa palindwe. Mbuga ikazaliwa. Mwaka 1926 Akeley akarudi, akafa mlimani kwetu, akazikwa hukohuko.

MTANZANIA: Unaona, Mzee! Mwindaji ndiye aliyeileta hifadhi. Ni hoja yangu hiyo.

MZEE: Subiri, mwanangu. Mwindaji alipotosheka akawa mlinzi wa wanyama. Sawa. Waliotolewa ndani ya mipaka ni akina nani? Babu yangu hakuwahi kumpiga sokwe. Alikuwa anatega paa na ngiri, kwa nyama. Baada ya 1925 mtego wake ukaitwa wizi. Mzungu aliyepiga sokwe akaitwa bwana wa sayansi. Na haikuishia hapo. Mwaka 1956 Wabelgiji walimtafuta tembo mkubwa huko Kasai, wakamuua ili aonyeshwe Brussels kwenye maonyesho ya dunia ya 1958. Yupo Tervuren mpaka leo. Wajukuu zao, mwaka 2024, wamepitisha sheria kwamba nyara za wanyama walio hatarini zisiingie Ubelgiji. Ni jambo zuri. Lakini yule wa Kasai hawajamrudisha.

MAMA: (kutoka kwenye karai) Na mamba?

MZEE: Mamba gani, Mama?

MAMA: Gustave. Ninyi mnaongea tembo na sokwe. Sisi wa Rumonge tulikuwa na Gustave.

Kwa asiyemjua, Gustave ni mamba wa Ruzizi na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, mkubwa kupita kiasi, mwenye makovu ya risasi mwilini. Inadaiwa alikula watu mia tatu. Idadi hiyo isemwe kwa tahadhari, maana kila aliyepotea ziwani aliandikwa kwenye hesabu yake. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na ndiye aliyempa jina. Walimtengenezea zizi la chuma, wakamwekea chambo, kamera ikawa tayari. Hakuingia.

MAMA: Walikuja na zizi na filamu. Filamu ikatoka, dunia nzima ikajua jina la mamba. Mimi namjua mwanamke aliyekwenda kufua akaliwa, na jina lake hukuti popote. Yule simba wa Zimbabwe aliyepigwa na mtalii mkamlilia, anaitwa nani?

KIJANA: Cecil.

MAMA: Cecil. Ana jina. Aliowala simba hawana. Ndiyo maana mimi hayo ya bunduki ya mtalii hayanisumbui. Mzungu alipe, apige, aondoke. Bora mnyama mmoja apungue.

KIJANA: Mama, Gustave hakuna aliyelipa kumpiga. Anayelipa hataki mamba wa kutisha tu. Anataka kichwa kizuri cha ukutani.

Hapo ndipo Kijana alipoanza, na nitampa nafasi kubwa kwa sababu ndiye pekee kati yetu aliyeona uwindaji wa namna hii ukiendeshwa kama ofisi ya ardhi.

KIJANA: Nilipofika Anchorage, dubu wa kwanza nilimwona uwanja wa ndege, ndani ya sanduku la kioo. Amesimama kwa miguu ya nyuma, ananizidi mara mbili. Nikamwambia kaka niliyekuja naye, hapa ndipo tuliposalimika? Baadaye nikafanya kazi hotelini, na kila majira ya kuchipua na ya kupukutika majani nawaona wanakuja. Wamevaa nguo za rangi ya majani, wana masanduku marefu ya bunduki. Wengine wanakwenda kisiwa cha Kodiak. Sheria ya Alaska inasema, kama wewe si mkazi wa jimbo huruhusiwi kumwinda dubu wa kahawia peke yako. Lazima umkodi kiongozi mwenye leseni, au uwe na ndugu wa karibu anayeishi kule. Kiongozi peke yake anakula dola zaidi ya elfu ishirini.

MAMA: Za kumwonyesha njia?

KIJANA: Za kumwonyesha njia, kumpikia, kubeba ngozi, na kupiga risasi ya pili mgeni akikosa. Lakini sikilizeni kinachofuata. Ukishaua, ngozi na fuvu lazima uvifikishe kwa watu wa idara. Wanapima fuvu, urefu na upana. Wanang'oa jino dogo, wanalipeleka maabara, wanalikata, wanahesabu miviringo ili wajue umri. Kisha wanatia lakiri. Bila lakiri, ngozi haitoki. Kodiak ina dubu kama 3,500, na wanaopigwa kwa mwaka ni kama 180. Wanajua walikufa wapi, jike au dume, miaka mingapi. Kila mwaka. Na dubu hawajaisha.

MTANZANIA: Ndicho nilichotaka kusikia.

MAMA: Na nyama?

KIJANA: Nyama, Mama, sehemu nyingi sheria haimlazimishi kuichukua. Ngozi na fuvu ndivyo vya lazima.

MAMA: Wanaiacha?

KIJANA: Wengi wanaiacha. Dubu aliyekula samaki wengi nyama yake inanuka.

MAMA: Mungu wangu. Dola elfu ishirini, na nyama wanaacha.

Karai lilisahaulika kidogo. Nimesikia hoja nyingi dhidi ya uwindaji wa nyara, za maadili, za sayansi, za siasa. Sijasikia iliyofika haraka kama hiyo. Pale Dzaleka posho ya chakula ya WFP imekatwa mara kadhaa. Mtu anayeua kilo mia tatu za nyama na kuchukua ngozi haeleweki, hata ukimchorea jedwali la idadi ya dubu.

MTANZANIA: Kwetu si hivyo, Mama. Tembo akipigwa, nyama ni ya kijiji. Watu wanakuja na mabeseni.

DEREVA: Hapo umesema. Kasungu ungewapata wanaokuunga mkono siku hiyohiyo.

Tuliondoka saa kumi, kwa sababu Mtanzania alikuwa na mkutano na kwa sababu barabara ya M1 jioni ina baiskeli za abiria zisizo na taa. Mzee alitusindikiza hadi mwisho wa nyumba zao. Kijana, mwenye pasipoti ya Marekani, alipanda gari bila kuulizwa kitu.

Mjadala ulimalizikia Lilongwe kesho yake, wanne tu, katika kituo cha kuokolea wanyama kilicho katikati ya jiji, ambako miti ya miombo imeachwa isimame kati ya Mji Mkongwe na ofisi za serikali. Jiji hili lenyewe halijawahi kuachana na porini. Fisi wanapita mitaani usiku na watu wa Area 43 wanawasikia kutoka vitandani. Dowa nayo ina kumbukumbu zake: mwaka 2003 mnyama anayedhaniwa kuwa fisi mwenye kichaa cha mbwa aliua watu watatu na kujeruhi wengine zaidi ya kumi, na maelfu wakahama nyumba zao. Hakuna mtalii angelipia fisi yule hata kwacha.

Katika kituo hiki aliwahi kufugwa Bella, simba jike mwenye jicho moja aliyeokolewa kutoka bustani ya wanyama nchini Romania. Simba kutoka Ulaya kuja Afrika kama mkimbizi ni kichekesho kinachojitosheleza, lakini mimi nilimtaja kwa sababu ya nchi aliyotoka. Romania ina dubu wa kahawia wengi kuliko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya. Enzi za Ceaușescu, dubu walilishwa na walinzi wa misitu ili rais aje awapige. Baada yake wakaja wageni wenye fedha, hadi uwindaji wa nyara ulipopigwa marufuku mwaka 2016. Kikabaki kibali kimoja: dubu msumbufu, anayeingia mashambani, aweza kuuawa.

MIMI: Ndugu yangu wa Mweka, hoja yako yote imesimama juu ya tembo msumbufu. Umesema wale wale wanaobomoa maghala. Basi sikiliza ya Arthur. Machi 2021, mkoa wa Covasna, kulikuwa na dubu jike aliyekuwa akishuka vijijini kuharibu mali. Kibali kikatolewa auawe. Akaja mwana wa ukoo wa kifalme wa Liechtenstein, akalipa euro elfu saba. Aliyekufa hakuwa jike yule. Alikuwa Arthur, dume la miaka 17, anayesemekana kuwa mkubwa kuliko dubu wote wa Romania, aliyekuwa akikaa ndani ya msitu bila kumsumbua mtu. 

MTANZANIA: Huo ni uvunjaji wa sheria.

MIMI: Sitaki kumhukumu mtu. Nauliza, fedha ilimchagua nani? Mwenye shamba anataka afe anayemla. Mwenye dola anataka afe anayependeza. Ukiwaachia kibali kimoja, unadhani nani atashinda?

MTANZANIA: Ndiyo maana kuna kanuni. Kwetu simba lazima awe na miaka sita. Ukileta wa chini ya minne, nyara huipati na faini utalipa. Kanuni ile iliwafanya wawindaji bingwa wajifunze kutazama pua na manyoya ya shingo kabla ya kuruhusu mteja apige. Kijana amesema Alaska wanang'oa jino. Na sisi tunaweza.

KIJANA: Alaska wanaweza kwa sababu mpimaji wa fuvu halipwi na mwindaji aliye mbele yake. Na kibali cha Kodiak wenyeji wanakipigia kura ya bahati, wakazi wa kawaida, fundi bomba, mwalimu. Dubu ni wao kabla hajawa wa mgeni. Hapa mnataka kuanza na mgeni.

Hilo sikulitegemea kutoka kwake, na nadhani ndilo jiwe la pembeni la habari yote. Tunapozungumza uwindaji wa kitalii Afrika tunaanza na mteja: atalipa nini, atashukia wapi, atafurahi vipi. Mwenyeji anaingia mwishoni, kwenye safu ya mgao. Mtanzania mwenyewe anaujua mfano mbaya zaidi, na alikuwa mwungwana kiasi cha kuutaja bila kusukumwa.

MTANZANIA: Mtaniletea Loliondo. Sawa, naileta mwenyewe. Tangu 1992 kampuni ya Falme za Kiarabu inawinda kule, kwenye ardhi ambayo Wamaasai wanachungia. Juni 2022 serikali ilipoweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500, kukawa na risasi, askari polisi akafa, watu wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya. Siwezi kuitetea siku ile. Lakini msichukue Loliondo mkasema ndiyo Tanzania nzima. Kuna vitalu ambako nyati wapo kwa sababu tu mwenye kitalu analipa askari wa doria. Akiondoka, watalii wa kamera hawaendi kule, kuna mbung'o na joto na hakuna mandhari. Wanaokwenda ni majangili.

DEREVA: Na majangili tunawajua. Mchina yule, Lin Yunhua, alikamatwa 2019 hapa Lilongwe baada ya msako mrefu. 2021 akapewa miaka 14. Tukasema, Malawi sasa ina sheria yenye meno. 2025 rais akamsamehe. Sasa niambie, kaka. Nchi inayomwachia mwenye pembe za faru, wewe unaipa kazi ya kuhesabu meno ya tembo?

MTANZANIA: Kwa hiyo msifanye chochote?

DEREVA: Sijasema hivyo. Mimi si kama wale wa Ulaya wanaosema mnyama asiguswe. Wao tembo hajawahi kuwalalia mlangoni. Yule aliyekuwa rais wa Botswana, Masisi, alipowaambia Wajerumani atawapelekea tembo elfu ishirini waishi nao, mimi nilicheka nikiwa kwenye usukani. Nasema hivi: tembo pekee ambaye kijiji chetu kina mamlaka naye ni yule wa ngoma ya vinyago ya Gule Wamkulu, kwa kuwa ndani yake kuna vijana wetu wanambeba. Huyu mwingine aliletwa bila sisi. Mkimuuza bila sisi, ni mara ya pili.

Nikamuuliza angetaka iweje, kwa vitendo. Yeye ni dereva. Alijibu kama anayepanga safari.

DEREVA: Kijiji kiwe na karatasi. Isiwe karatasi ya mgao, iwe ya ruhusa. Chifu na kamati, wanawake wamo, watie sahihi kabla mgeni hajapanda ndege. Watasema, tembo huyu, anayetoka upande ule, mwenye sikio lililochanika, ndiye tunayemtoa. Mgeni akimtaka mwingine mwenye pembe nzuri, arudi kwao. Na siku kijiji kikisema hapana, iwe hapana.

MTANZANIA: Hakuna mteja atakayelipia tembo mwenye sikio lililochanika na pembe fupi.

DEREVA: Basi hakuna biashara.

MTANZANIA: Na uzio?

DEREVA: Uzio wajenge waliowaleta.

Hapo ndipo mimi nilipojikuta upande wa Dereva, ingawa nilifika Dzaleka nikimwelewa zaidi Mtanzania. Bunduki ya mtalii sioni kwamba ni dhambi kuliko kisu cha mchinjaji. Kinachonishinda ni kwamba katika mifano yote tuliyoipitia, Mikeno, Covasna, Loliondo, mwenye fedha na mwenye muhuri walikubaliana juu ya mnyama, na anayelala karibu naye akaarifiwa. Romania yenyewe haijapata dawa. Mwaka 2024, baada ya msichana wa miaka 19 kuuawa na dubu akitembea mlimani, bunge liliitwa kutoka likizoni likaruhusu dubu 481 wapigwe mwaka huo. Marufuku haikuwaridhisha wanaoishi na dubu, na kabla ya marufuku hawakuwa wameridhika pia.

Mtanzania hakukubali. Alikuwa na karata moja zaidi, na ni nzuri.

MTANZANIA: Tuseme kijiji kimesema hapana. Vizuri. Usiku wa Machi mahindi yamekomaa, tembo ameingia. Kwetu kuna kifuta jasho kwa shamba na kifuta machozi kwa marehemu. Kwa kanuni za 2011 kifo kilikuwa shilingi milioni moja.

DEREVA: Milioni ya shilingi, mtu mzima?

MTANZANIA: Ni kidogo, nakubali. Kenya wameandika milioni tano za kwao kwenye sheria ya 2013, na wanadaiwa malimbikizo. Lakini ipo. Ninyi mna nini?

DEREVA: Hata hicho hakuna.

MTANZANIA: Basi hapana yako nani ataigharimia?

DEREVA: Wanaotaka tembo aishi. Wanaonunua tiketi ya kumpiga picha, wanaochangisha kwa jina lake London na New York. Rwanda kumwona sokwe kwa saa moja ni dola 1,500, na asilimia kumi ya mapato ya hifadhi inarudi kwa wanaopakana nayo. Kama saa moja ya kumtazama inauzwa hivyo, nasi usiku wetu mmoja wa kupiga madebe tumfukuze una bei.

MTANZANIA: Kasungu si Rwanda. Kasungu watalii unawahesabu kwa vidole.

DEREVA: Ndiyo. Nami nakuuliza wewe uliyesomea. Ukienda kwenye kikao cha wizara wiki ijayo, hiyo bei utaipeleka, au utapeleka ya pembe peke yake?

Mtanzania alisema angepeleka zote mbili. Kijana akamwomba aandike kwanza ile ya usiku.